Mwaka Kogwa si habari ya picha moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nilalamike. Gazeti lako halikosi habari za Simba na Yanga, hata siku ambayo hakuna aliyegusa mpira. Lakini kila Julai, wenyeji wa Makunduchi, Zanzibar, wanaposherehekea sikukuu yao ya Mwaka Kogwa, watu wakitandikana kwa migomba na kibanda cha makuti kikichomwa moto, sisi tunaambulia picha ya mtalii mwenye kofia. Mwaka jana nilimnunulia gazeti ami yangu, mzaliwa wa huko, ambaye hawezi tena kusafiri. Alilipekua hadi kurasa za matangazo, akaniuliza kama mwaka huo sherehe haikufanyika! Nani huamua kipi kiandikwe kila mwaka na kwa kigezo gani? Naomba dawati lako la habari litujibu, na wasomaji wenzangu wataje shughuli za kwao zinazorukwa.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam