Daftari la Wiki: Milima Miwili Iliyobaki Nairobi

Ukienda Makumbusho ya Reli ya Nairobi, usiishie ndani kwenye taa na sahani za zamani. Toka uwanjani, usimame kando ya Mount Gelai, kichwa cha treni namba 5918. Ni Garratt ya tani zipatazo 250, iliyoundwa Manchester na Beyer Peacock. Vichwa vya aina hii vililetwa 34 mwaka 1955 na 1956, na hakuna reli ya upana wa mita moja iliyopata vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivyo. Boila imening'inizwa katikati. Seti moja ya magurudumu iko mbele chini ya tangi la maji, nyingine nyuma chini ya mafuta, na kila moja hujipinda kivyake. Ndiyo maana dude lile refu liliweza kupanda kutoka Mombasa likizikata kona bila kuacha reli.

Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Vimesalia viwili, Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upareni, wilayani Same. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika la reli likagawanywa, milima hii miwili ya Tanzania ikabaki Kenya. Kila nikisoma vibao vile vya majina, roho huniuma.

*

Mwaka huohuo wa 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na tawi la reli la Voi hadi Taveta likakosa kazi. Waingereza walilijenga kwa haraka wakati wa Vita vya Kwanza ili kupeleka askari kuwakabili Wajerumani, kisha likaunganishwa na reli ya Tanga pale Kahe. Lililoanza kwa ajili ya bunduki likageuka njia ya wasafiri na mizigo kati ya Moshi na Mombasa. Maktau na Mbuyuni zilikuwa stesheni, watu wakizingojea saa za treni. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini ule utaratibu wa kupanda behewa upande mmoja na kushukia upande wa pili haukurudi.

*

Kusini mwa Tanzania kuna kidonda kingine. Reli ya kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Karanga zilishindwa, reli ikafuata: ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa hesabu hizohizo, ipo mpaka leo, na korosho huifikia kwa malori. Mimi nasema kung'oa reli ile lilikuwa kosa. Karanga zilikuwa za wakoloni. Njia ingeweza kuwa yetu.

*

Unguja nayo ilikuwa na treni ya kwenda Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne iliyopita. Picha zake za posta zinaionyesha ikipita uchochoroni, kuta zikiwa karibu kiasi cha kuguswa kutoka dirishani. Haikufika hata miaka 30.

*

Mount Gelai ilishawahi kutengenezwa ikawashwa tena, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila naomba safari za mvuke zisiwe za kupigia picha tu. Wapandishwe wazee waliochochea moto, waliofunga mabehewa, waliokaa kibanda cha ishara usiku kucha, na mtu awe pembeni akirekodi. Chuma hungoja fundi, wazee hawangoji.

Na njia hufufuka. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilifika Moshi baada ya kimya cha zaidi ya miaka 20, na mwaka uliofuata ikaendelea hadi Arusha. Inapita Korogwe, Mombo, kisha Same, chini ya milima ya Upare. Ukiwa ndani yake, kaa dirisha la upande wa milima: Shengena uko huko juu.