Taamuli Isiwe Dawa ya Kuvumilia Dhuluma

Mwaka jana watumishi wa idara yetu tuliitwa kwenye semina ya siku moja kuhusu namna ya kukabiliana na msongo wa mawazo kazini. Mwezeshaji, kijana mwenye sauti ya upole, alitutaka tufumbe macho, tulegeze mabega, na kuzifuata pumzi zetu zikiingia na kutoka. Alitueleza kwamba zoezi hilo limetokana na mafundisho ya Budha, na kwamba mtu akilizoea hatasumbuliwa tena na mambo asiyoweza kuyabadili. Tukafumba macho. Nakiri kwamba kwa dakika kumi nilipata utulivu ambao sikuwa nimeuonja kwa miezi kadhaa.

Ulipofika wakati wa maswali, alisimama dada mmoja ambaye ni katibu muhtasi. Alikuwa akidai malimbikizo ya mshahara tangu apandishwe cheo, na barua zake tatu hazikuwa zimejibiwa. Akauliza kwa adabu: "Samahani, mwalimu. Nikishatulia hivi, malimbikizo yangu ndiyo yatalipwa?" Ukumbi mzima ukacheka. Mwezeshaji naye akacheka, akasema hilo ni suala la utawala, si la semina. Tukaenda kunywa chai.

Swali lile halikustahili kuchekwa. Kwa maoni yangu, lilikuwa swali la Kibudha kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na katika makala haya nitajaribu kulijibu. Naanza kwa kuweka wazi kwamba mimi si Mbudha, wala simwalike mtu abadili dini yake. Nayachukua mafundisho haya kama mwalimu wa chuo anavyopaswa kuyachukua mafundisho yoyote makubwa ya wanadamu: kwa heshima, na kwa kuuliza yanamtaka mtu afanye nini.

Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake walimwita Budha, yaani aliyeamka, aliishi kaskazini mwa Bara Hindi yapata miaka 2,500 iliyopita. Mafundisho yake ya msingi ni kweli nne: kwamba maisha yana mateso, kwamba mateso hayo yana chanzo, kwamba yanaweza kukomeshwa, na kwamba ipo njia ya kuyakomesha. Tazama mpangilio huo. Hauanzi kwa kumwambia mtu atabasamu. Unaanza kwa kuyakubali maumivu na kuyataja, kisha unakwenda kutafuta yametoka wapi. Wahenga wetu walilijua jambo hilo waliposema kwamba mficha maradhi, kifo humfichua.

Njia yenyewe ina sehemu nane: uoni sahihi, nia sahihi, kauli sahihi, matendo sahihi, riziki sahihi, juhudi sahihi, uzingativu sahihi, na utulivu sahihi wa moyo. Uzingativu, ambao ndio unaouzwa leo katika programu za simu na semina za maofisini, ni sehemu ya saba. Kabla yake mtu amekwisha kuulizwa anasema nini, anatenda nini, na anakula jasho la nani. Atakayeichukua sehemu ya saba na kuziacha nyingine atakuwa amejitwalia kitu chepesi kubeba, lakini asidai kwamba amebeba mafundisho ya Budha.

Baadhi ya watu hudhani kwamba mafundisho hayo yalikuwa ya watawa waliokimbilia misituni, hivyo hayana neno kwa mtu anayepanda daladala saa kumi na mbili asubuhi. Si kweli. Katika hotuba moja mashuhuri Budha anazungumza na kijana aitwaye Sigala, mtu wa kawaida mwenye nyumba na mali, akimweleza wajibu wa kila mmoja kwa mwenzake: mzazi na mtoto, mwalimu na mwanafunzi, mume na mke, bwana na mtumishi. Kwa bwana ametaja mambo matano. Ampe mtumishi kazi inayolingana na nguvu zake; ampe chakula na ujira; amtunze anapougua; amgawie vitu vizuri anavyovipata; na ampe mapumziko kwa wakati wake. Msomaji aliye mtumishi wa umma ataona kwamba hayo hayako mbali na yale yanayogombewa hadi leo katika mikutano ya vyama vya wafanyakazi.

Katika hotuba nyingine kuna kisa cha mfalme ambaye nchi yake ilijaa wizi na uporaji. Mshauri wake alimwonya kwamba akiwaua na kuwafunga wahalifu, watakaosalia wataendelea kuisumbua nchi. Akamshauri awape wakulima mbegu, awape wafanyabiashara mtaji, na wanaoitumikia serikali awalipe ujira unaofaa. Mfalme akafanya hivyo, nchi ikatulia. Hayo ni maandiko ya dini yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, na humo mshahara wa mtumishi wa serikali umewekwa miongoni mwa misingi ya amani.

Basi ilikuwaje tukaletewa nusu ya mafundisho? Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani mafunzo ya uzingativu kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Aliyatenga mazoezi na dini ili kila mgonjwa aweze kuyatumia, na wengi wamenufaika. Sina ugomvi na hilo. Mtu anayeumwa mgongo usiku kucha hadaiwi falsafa. Tatizo lilizuka pale dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maumivu ya mwili ilipohamishiwa katika ofisi ambazo maumivu yake yanasababishwa na watu, na ambayo watu wanaweza kuyaondoa. Hapo mfanyakazi anageuzwa mgonjwa, na mwajiri asiyelipa anageuka kuwa mdhamini wa matibabu.

Lakini uzingativu ulikuwa na historia nyingine. Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam ambaye vitabu vyake vimeufikisha uzingativu katika kila pembe ya dunia, hakuanzia kwenye kumbi zenye viyoyozi. Katika miaka ya 1960, vita vikiwa vimepamba moto, alianzisha shule ya vijana wa huduma za jamii, waliokwenda vijijini kufungua shule na zahanati na kujenga upya makazi yaliyopigwa mabomu. Kwa kuwa alikataa kuegemea upande wowote wa vita, alizuiwa kurudi nchini mwake tangu 1966 hadi 2005. Kitabu chake kilichowafundisha mamilioni kuosha vyombo kwa utulivu kilikuwa, kwa asili, barua ndefu aliyomwandikia mwaka 1974 mmoja wa watumishi wa shule ile akiwa uhamishoni. Aliwafundisha kupumua ili wasikate tamaa, wasije wakawachukia wale waliowaua wenzao, na kesho yake warudi kazini. Taamuli kwao ilikuwa chakula cha safari, nayo safari ilikuwa ya kuwaendea wanaoteseka.

Sri Lanka nako, mwaka 1958, mwalimu wa sekondari aliyeitwa A. T. Ariyaratne aliwachukua wanafunzi wake kutoka Colombo wakaishi na kufanya kazi katika kijiji cha watu maskini waliotengwa. Hapo lilizaliwa vuguvugu la Sarvodaya Shramadana, ambalo baadaye lilienea katika maelfu ya vijiji. Shramadana maana yake ni kutoa nguvu zako kama sadaka. Sisi tungesema msaragambo. Zile kweli nne zilielezwa kwa lugha ya kijiji: mateso ni njaa, maradhi na uonevu, chanzo chake ni pamoja na uroho na utengano, navyo vinaweza kukomeshwa kwa watu kushirikiana. Walikaa kimya kwa taamuli, kisha wakachimba barabara.

Sitaki kuupamba Ubudha kuliko unavyostahili. Mwezi Septemba 2007 watawa wa Myanmar waliandamana dhidi ya utawala wa kijeshi huku wakikariri dua ya upendo kwa viumbe wote. Miaka kumi baadaye, katika nchi hiyo hiyo, zaidi ya Warohingya 700,000 walikimbilia Bangladesh kuokoa maisha yao, na miongoni mwa waliokuwa wamechochea chuki dhidi ya Waislamu hao walikuwamo watawa wenye majoho yale yale. Kukaa kimya na kufumba macho hakumfanyi mtu kuwa mwema. Utulivu ni nguvu, na nguvu hufuata nia ya mwenyewe. Ndiyo maana nia sahihi ilitangulia.

B. R. Ambedkar aliliona hilo mapema. Msomi huyo, aliyezaliwa miongoni mwa watu waliohesabiwa kuwa najisi na akaja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, aliingia Ubudha tarehe 14 Oktoba 1956 mjini Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya wenzake. Alikataa tafsiri inayosema kwamba maskini anavuna dhambi za maisha yaliyopita, kwa sababu tafsiri hiyo humwondolea lawama anayemkandamiza. Kwake, mafundisho ya Budha yalikuwa juu ya namna watu wanavyoishi pamoja.

Sasa nirudi kwenye barua za yule dada, maana kuna jambo ambalo sikulisema ukumbini. Moja kati ya zile barua tatu ilipita mezani kwangu. Nilikuwa kaimu mkuu wa idara kwa muda, na ilihitaji maoni yangu kabla ya kupelekwa mbele. Niliiweka kando. Sikuwa na chuki naye. Niliogopa tu kuonekana msumbufu kwa wakubwa wakati jina langu likifikiriwa. Kisha nikaisahau, au nilijiambia kwamba nimeisahau.

Jioni ya siku ya semina nilijaribu lile zoezi nyumbani. Pumzi ya tatu au ya nne, ile barua ikanijia. Mwezeshaji alikuwa ametufundisha kwamba wazo likija tuliache lipite kama wingu. Nililiacha mara mbili, likarudi. Baadaye nilipokuwa nikisoma, nilikutana na maelezo kwamba neno la Kipali linalotafsiriwa kuwa uzingativu, yaani sati, asili yake ni kukumbuka. Nikaona haya. Nilikuwa nikitumia zoezi la kukumbuka ili nisahau.

Kesho yake niliitafuta barua ile, nikaandika maoni yangu, nikaipeleka mwenyewe kwa mkono. Kisha nikaenda kumwomba radhi. Hakunilaumu, ila alisema, "Mwalimu, mimi nilidhani imepotea huko juu." Haikupotea juu. Ilikuwa kwenye droo yangu kwa miezi minne. Hadi ninapoandika haya amelipwa sehemu ya madai yake, na sehemu iliyosalia tunaifuatilia pamoja.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lake ni hili: utulivu wako, dada yangu, haulipi malimbikizo. Utulivu wa yule mwenye barua yako mezani ndio unaoweza kuyalipa, ikiwa atakubali kuyatazama yale yanayomjia anapotulia. Taamuli inamhusu zaidi mwenye saini kuliko mwenye madai.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kigeni. Wapite Upanga, Dar es Salaam, walione hekalu lililoanzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne iliyopita, lenye mti wake wa bodhi. Wapo pia Waislamu na Wakristo watakaohofu kuchanganya ibada. Hofu yao naiheshimu, na hakuna anayewataka wasujudu kwingine. Kila mmoja anao wakati wa kunyamaza katika dini yake, na swali ni lile lile: baada ya kunyamaza, unaamka kufanya nini?

Kwa mwanafunzi, jizoeze kukaa kimya hata dakika kumi kabla ya kufungua simu, kisha usiione aibu kuuliza kwa nini hosteli haina maji. Kwa mwanaharakati, tunza pumzi yako, kwa maana hasira ni hasara na mapambano ni marefu. Kwa mtumishi wa umma mwenzangu, kesho asubuhi tulia kidogo kabla ya kuanza kazi. Halafu fungua droo.