MAPUNYE NI UKUNGU, SIYO AIBU YA MTU

Ndugu wanachama wa ushirika na wanakijiji wote,

Sisi wa ofisi ya Chama tunaandika habari hii tukiwa na uchungu. Watoto wanne wa kijiji hiki hawaendi shule. Homa hawana, miguu wanayo, madaftari wanayo. Wana mapunye kichwani, na wamechekwa mpaka sasa wanajificha nyuma ya nyumba.

Eti nyumba ile ni wachafu. Eti mama yao hajui sabuni. Eti ni laana ya ukoo. Maneno hayo yanasemwa bombani, na yanasemwa hata hapa ghalani wakati wa kupima korosho. Sisi tunayapinga, tena waziwazi.

Hebu tuulizane, mkulima kwa mkulima. Ubwiri unga ukiingia kwenye mikorosho, nani anasema mkorosho huo mchafu? Nani anautukana? Hakuna. Tunasema ni ukungu, tunakimbilia salfa, tunapuliza kwa wakati na tunarudia. Tena tunambana jirani naye apulize, maana tunajua akiacha yeye utarudi kwetu. Basi mapunye nayo ni ukungu. Siyo ule wa mkorosho, ni wa aina nyingine, unaokula ngozi, nywele na kucha. Ukikaa kichwani ndiyo mapunye: nywele zinakatika, panabaki kipara chenye magamba. Ukikaa mwilini ndiyo choa, lile duara linalowasha pembezoni. Ukiingia kwenye ukucha, ukucha unanenepa, unageuka rangi na kumeguka. Iweje mkorosho uhurumiwe, mtoto achekwe?

Na unaambukizwa kwa mashine ya kunyolea, kwa chanuo, kofia, mto na taulo, na kwa vichwa kugusana. Wengine wanaupata kwa paka, mbwa au ndama. Mtoto anayeoga kila siku anaupata vilevile. Yupo hata mtoto anayeubeba bila alama yoyote, akawapa wenzake. Watu wazima mapunye huwapata kwa nadra, ndiyo maana baba ananyolewa kwa mashine ileile, haoni kitu, halafu anamlaumu mama.

Sasa tuseme juu ya dawa za uongo. Wapo wanaomwaga maji ya betri kwenye kichwa cha mtoto. Ndugu zetu, ile ni asidi! Wengine mafuta ya taa, wengine oili chafu. Vitu hivyo vinachoma ngozi, na ukungu unabaki palepale kwenye shina la unywele. Kovu likishashika, nywele hazioti tena maisha. Na asitokee mtu akapaka salfa ya shambani kwa sababu tumetaja mkorosho. Salfa ile ni ya miti.

Tena yuko mtu anayepita gulioni na tyubu za krimu zisizojulikana. Baadhi ya krimu zina steroidi. Ukimpaka mtoto, wekundu unatulia siku chache, unafurahi, kumbe choa kinatambaa chini kwa chini. Mtu anayeuza vitu hivyo bila kuuliza ugonjwa wa mtoto ni kupe tu, ananyonya jasho la mkulima.

Dawa ya kweli ipo. Someni, na asiyejua kusoma asomewe:

1. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka peke yake. Yanataka dawa ya kumeza. Inayotumika sana ni griseofulvini, kila siku, kwa kawaida wiki 6 mpaka 8, pamoja na chakula chenye mafuta kama mchuzi wa nazi au karanga. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo zahanati ndiyo iseme. Msigawane vidonge, na mama mjamzito asivimeze kabisa. Msiache wiki ya pili kwa kuona nywele zimeanza kuota.

2. Choa cha mwilini kinapona kwa kupaka mafuta ya Whitfield au krimu ya klotrimazoli, mara 2 kwa siku. Kikipotea, endelea wiki 2 hivi.

3. Kichwa kikivimba, kikawa laini na kutoa usaha, usikipasue. Peleka mtoto zahanati siku hiyohiyo.

4. Mmoja akiugua, watoto wote wa nyumba hiyo watazamwe vichwa.

Dawa hiyo ya kumeza imetumika kwa watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake, nchi za nje walikuwa wakiwapiga watoto vichwani kwa mionzi ya eksirei ili nywele zidondoke, na baadaye wengine walipata uvimbe na kansa. Sisi leo vidonge vipo, halafu tunashika maji ya betri!

Kuhusu shule: mtoto akishaanza dawa, arudi darasani. Asingoje nywele ziote. Sisi tuliojua kusoma kwa kisomo cha watu wazima tunajua uzito wa kukosa darasa utotoni. Kulifidia ukubwani ni kazi nzito.

Mwisho, chumba cha kinyozi ni mali ya ushirika, na mashine moja inapita vichwa vyote. Tunadai mkutano uamue: ushirika ununue mashine ya pili, na baada ya kila kichwa meno yasafishwe nywele, yaoshwe kwa sabuni, yalowekwe kwenye maji ya klorini. Pia itengwe akiba ya kununulia vidonge zahanati inapoishiwa.

Wapo ndugu wanaosema fedha za ushirika ni za korosho, siyo za vichwa vya watoto. Tunawauliza: miaka 20 ijayo, salfa atapuliza nani? Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa vikundi kwenye redio, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Hawakusutana, walishika jembe.

Mkutano ni Jumamosi saa 9 alasiri, hapa ghalani. Njooni na watoto. Atakayekuja kucheka, abaki kwake.

Ni sisi wenu katika kazi,
Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji