Siku Goma ilianguka, New York walilia Nvidia



Tarehe 27 Januari 2025 hakuna mwenye kutukumbusha. Ni ile siku M23 waliingia Goma, sisi tuko tumelala chini, simu mkononi, tunatafuta nani bado yuko na rezo. Ile siku ileile soko la hisa la New York nalo lilitetemeka. Nvidia, kampuni ya chipu za akili bandia, ilipoteza karibu dola miliari 589 za thamani yake kwa siku moja. Kampuni yoyote ya Marekani ilikuwa haijapata hasara kama ile. Bajeti ya inchi yetu ya mwaka ule muzima haikufika hata dola miliari 25.

Kwani wawekezaji waliona moshi wa Goma? Hapana. Waliogopa DeepSeek, programu ya Wachina iliyosemwa kwamba imetengenezwa kwa bei ndogo. Wakajiuliza: kama Wachina wanaweza vile, Nvidia iko bado na nini cha kuwapita wenzake? Ile siku Apple yenyewe ilipanda, asilimia tatu na kidogo.

Mutu akiogopa juu ya franga yake, hatumulaumu. Tunataka tu aseme wazi anaamini nini kwa kiongozi wa kampuni.

Tuchukue hiyo Apple. Tim Cook alipopewa usukani 2011, hakuna aliyemuona kuwa mbunifu kama Steve Jobs. Aliingia mwaka 1998 kupanga depo na wenye kuiuzia kampuni vipande, na njo kazi ambayo wawekezaji walimuaminia: kujua kila kiwanda, kila kipande, kila siku. Kampuni ikafika dola miliari elfu moja mwaka 2018, na elfu tatu mwaka 2022. Yeye mwenyewe alishafananisha mali ya depo na maziwa: ikipitisha siku zake, imekuwa shida.

Sawa. Maziwa, hapa Masisi, tunayajua. Mama anayeuza maziwa ku soko anajua bido imetoka kilima gani, kwa nani, na ng'ombe ya nani ilikuwa mgonjwa wiki iliyopita. Hana kompyuta. Na Rubaya, inayotoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, iko ndani ya teritwari hiyohiyo ya Masisi. Tangu mwisho wa Aprili 2024 iko mikononi mwa M23, na Umoja wa Mataifa ulisema wanavuna pale karibu dola 300,000 za kodi kila mwezi. Koltani njo inatoa tantalum ya vile vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu. Lakini ukiuliza gunia limetoka wapi, eti njia ni ndefu, kuna wanegosia, kuna komptuari, kuna wasafishaji, ni vigumu kujua. Mbona maziwa yanajulikana?

Desemba 2024 mawakili wa Leta ya Kongo walipeleka malalamiko Paris na Brussels juu ya matawi ya Apple. Kampuni ilikana kwa nguvu. Kiisha ikasema ilikuwa imeshawaagiza wenye kuiuzia kwamba wasafishaji wao waache kununua bati, tantalum, tungsten na dhahabu ya Kongo na Rwanda. Soma tena hapo. Agizo moja, na linapita njia yote ile ndefu mpaka kwa msafishaji! Basi njia inaonekana wakitaka. Kabla mwezi haujaisha, hisa za Apple zilifika bei ambayo hazijawahi kufika. Mchimbaji wa Maniema, mahali M23 walikuwa hawajafika, alifungiwa mlango sawa na wa Rubaya.

Na wenye hisa wasituambie hawakujua. Sheria ya Marekani ya 2010, Dodd-Frank, kifungu 1502, inataka kampuni za soko la hisa zitoe ripoti kila mwaka kama minere ya Kongo na ya majirani zake wanayotumia inalisha vikundi vya silaha. Ripoti zile ziko wazi kwa kila mwekezaji. Sisi, wenye lisansi inayozeeka ndani ya farde, tumezisoma, maana muda njo kitu pekee tuko nacho kingi. Apple inarudia mule kwamba haikuona msingi wa kuamini msafishaji wake yeyote amefadhili vikundi vile. Kiongozi anayesifiwa kwa kuona kila kitu, hapo tu macho yanakuwa mazito.

Leta yetu pia isijifiche nyuma ya mawakili. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kutoa kobalti, na bei iliyokuwa imeanguka ikapanda ndani ya wiki chache. Kumbe wakifunga, dunia inasikia. Ile franga ya bei kupanda inafika wapi, hapa kwetu hakuna aliyekuja kutuonyesha.

Ndugu zetu mulio Marekani na Ulaya, wengi wenu mifuko yenu ya uzeeni iko na hisa za hizi kampuni, hata kama hamujawahi kuangalia. Angalieni. Andikieni wasimamizi wa mfuko barua mbele ya mkutano wa wenye hisa, wamuulize kiongozi: gunia lilitoka shimo gani, lilipita barabara gani, na kwenye kila barieri nani alilipwa. Akijibu tena kwamba hakuona msingi, wapige kura ya hapana.