Maoni: Kompyuta iliyokataa kuwaka isizikwe kabla ya kupimwa

Birere mjini Goma, kama vile Kadutu kule Bukavu, vijana wengi siku hizi wanajiunganishia kompyuta wenyewe. Sanduku linanunuliwa huku, ubao mama kule, RAM kwa muuzaji wa tatu, na vipande vingi vilishatumika Ulaya au Marekani kabla ya kufika Kongo. Ni jambo la kusifu. Familia iliyokimbia vita inakusanya dola kidogo kidogo, kijana anapata mashine ya kuandika barua za kuomba kazi na kuchapa mitihani ya shule, na jioni nyumba inapata unga.

Shida inakuja siku ya kuwasha. Kitufe kinabonyezwa, feni zinazunguka, taa inawaka, lakini skrini inabaki nyeusi. Mashine inapakiwa kwenye motari hadi kwa fundi. Fundi anaitazama dakika tano, anatikisa kichwa: "Mama, karti meri imekufa." Na mama aliyeuza vitenge vyake ili mtoto apate kazi anaanza tena kutafuta dola.

Hukumu hiyo inatolewa haraka mno. Karti meri, yaani ubao mama, inaweza kufa kweli. Lakini kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa mara ya kwanza, makosa mengi ni madogo na kuyarekebisha hakudai hata franga moja.

Feni kuzunguka si ushahidi kwamba prosesa inapata umeme. Ubao unapokea umeme kwa waya mnene wa pini 24, lakini prosesa ina waya wake, wa pini 4 au 8, unaochomekwa pembeni yake. Ni rahisi sana kuusahau, na ukisahaulika picha haitoki. Kisha RAM: isiposukumwa mpaka vishikizo vijifunge kwa mlio, kwa ubao ni kama haipo. Ijaribiwe moja moja, nafasi baada ya nafasi. Ile ya mitumba isuguliwe taratibu kwenye meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli. Mafundi wazee wanalijua hilo vizuri. Na kama mashine ina kadi ya picha, waya wa skrini unaingia kwenye kadi hiyo, si kwenye ubao. Prosesa nyingine hazina uwezo wa kutoa picha peke yake.

Kuna na kosa la chini ya ubao. Ndani ya sanduku ubao unasimama juu ya vijiti vidogo vya chuma. Kijiti kimoja kikibaki mahali ambapo hakuna tundu, kinagusa nyaya za ubao na kila kitu kinagoma. Dawa yake ni kuzima, kuchomoa waya wa umeme, kutoa ubao na kuulaza juu ya katoni kavu, ukiwa na prosesa, feni yake na RAM moja tu. Ukiwaka hapo, mwenye kosa ni sanduku. Usipowaka, betri ndogo ya CR2032 itolewe dakika chache, wakati waya wa umeme umechomolewa, ili ubao usahau mipangilio ya zamani. Pengine pia ubao ni wa miaka ya nyuma kuliko prosesa: haujafa, haumjui tu mgeni huyo mpaka programu yake ya ndani isasishwe.

Kifo cha kweli kipo pia. Visanduku vingine vya umeme vina swichi ndogo nyuma, 115 na 230. Umeme wa Kongo ni volti 220, kwa hiyo aliyeacha swichi kwenye 115 atasikia mlipuko na harufu ya kuungua. Kisanduku hicho kisifunguliwe nyumbani, kwani kinabaki na umeme hatari hata kikiwa kimechomolewa.

Mafundi watajibu kwamba muda wao pia ni chakula cha watoto wao. Ni haki yao. Basi bei ya kupima itajwe mwanzoni, tofauti na bei ya kutengeneza, na upimaji ufanyike mbele ya mwenye mashine. Fundi anayesema RAM ni mbovu aonyeshe: atie nyingine nzuri, skrini iwake, wote waone. Wauzaji wa vipande vya mitumba nao waruhusu majaribio kabla ya kupokea pesa, na waandike kwenye risiti siku ambazo kipande kinaweza kurudishwa. Muuzaji anayekataa hayo yote mawili, mteja avuke barabara aende kwa jirani yake. Na kipande kilichotolewa ndani ya mashine kirudi mkononi mwa mwenyewe, hata kama kimeungua.