Mkubwa Yuko Misheni

Wazee wetu, mama zetu wa soko la Mulongwe, vijana wa Kasenga, Kimanga na Kalundu,

Nawaandikia kutoka Dayton, Ohio. Baridi tumeizoea, kazi za usiku kwenye maghala bado. Huku tumechanganyika, Wavira, Wafuliiru, Wabembe na Banyamulenge, na wengi wetu tulipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa. Habari za Uvira tunazipata kila siku kwa sauti za WhatsApp, na nadhani nyingine zinatufikia sisi kabla hazijafika Kinshasa.

Katika sauti hizo kuna jibu moja ambalo kila anayekwenda ofisini anarudi nalo. Mjane amefuata karatasi za kiwanja cha marehemu: mkubwa yuko misheni. Mwalimu anatafuta sahihi ili faili lake liondoke: mkubwa yuko misheni. Wavuvi wa Kalundu wamekwenda kulalamikia ushuru uliopandishwa bila taarifa: rudini wiki ijayo, mkubwa yuko misheni. Naye akirudi, hamwelezwi alikwenda kuonana na nani wala alirudi na nini. Mnaona gari tu limeegeshwa tena mbele ya ofisi. Baada ya siku chache halipo.

Nataka tuzungumze kuhusu pesa za hizo misheni. Jina la mtu sitalitaja. Kwanza, sina karatasi mkononi, na mwenye kushtaki bila karatasi anamsaidia mshtakiwa. Pili, nawafahamu ndugu zangu: nikitaja mmoja, kabla ya kuuliza alikula kiasi gani mtauliza ni wa kabila gani. Wa kabila lake watamtetea, wa upande wa pili watamshambulia, na pesa hakuna atakayeiuliza tena. Wakubwa wetu wanalijua hilo kuliko sisi.

Mlio ndani ya ofisi mnajua inavyofanyika, lakini niiseme wazi kwa ajili ya wale ambao ofisini huingia kulipa tu. Mtumishi wa Leta, yaani serikali, akitumwa nje ya kituo chake hupewa hati ya misheni: jina, cheo, aendako, sababu, idadi ya siku. Posho hupigwa hesabu kwa siku na kwa cheo. Akifika, mwenyeji wake hugonga muhuri wa kufika. Akiondoka, muhuri wa kuondoka. Mihuri hiyo miwili, mara nyingi, ndiyo ushahidi wote.

Sasa tazameni ulaji wake. Kazi ya siku 2 inaandikwa siku 8. Au karatasi inasafiri bila mwenyewe: anapewa dereva, inagongwa mihuri yote miwili asubuhi moja kwa tarehe mbili tofauti, inarudi jioni, huku mwenye misheni yuko Bujumbura akila mukeke wa kuchoma. Au msafara ulioandikwa watu 6 unaondoka na watu 2. Wanne waliobaki nyumbani wanatia sahihi na kugawana na aliyewaandika. Halafu kuna njia ile iliyostawi zaidi kwetu kwa kuwa Uvira ni mji wa mashirika. Shirika linaitisha semina, linalipa nauli, hoteli, chakula, na posho juu yake. Kasha la ofisi nalo linalipa safari hiyohiyo. Mtu mmoja, kitanda kimoja, malipo mawili, na sahihi zake ziko kwenye madaftari mawili ambayo hayatakutana maisha.

Hakuna lolote hapo linalohitaji akili nyingi, na hilo ndilo linaloniudhi. Sheria ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 145, inamwekea mtumishi wa umma anayekula mali ya umma kazi ya lazima ya mwaka 1 hadi 20. Wanaofikishwa mbele ya kifungu hicho ni wa mabilioni. Aliyekuwa waziri mkuu, Matata Ponyo, alihukumiwa miaka 10 mnamo Mei 2025 kwa pesa za shamba la Bukanga Lonzo. Aliyeongeza siku 6 kwenye hati ya misheni hamwogopi mtu.

Kwa nini pesa ya safari, na si nyingine? Ninyi mlio kando ya Mulongwe mnakumbuka Aprili 2020, mto ulipofurika usiku na kuchukua makumi ya watu na maelfu ya nyumba. Pesa ya kuzuia mto ikiliwa, mto wenyewe utashtaki mvua ijayo. Pesa ya darasa ikiliwa, watoto wanakaa chini na kila mzazi anawaona. Safari haiachi kitu. Haina ukuta wa kupasuka wala paa la kuvuja. Mtu akisema alikwenda Kinshasa kuwatetea na hakufanikiwa, mtampima kwa nini? Kutofanikiwa Kinshasa ni jambo la kila siku, hata kwa waliokwenda kweli.

Tena kasha lenyewe ni dogo. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki kwenye majimbo, ikatwe palepale inapokusanywa. Tangu katiba hiyo isainiwe, majimbo yanalalamika kwamba hayaipati kama ilivyoandikwa. Na kama jimbo halipati, mji na shefferi za machifu zitapata nini? Zinabaki na kile zinachokusanya zenyewe: jetoni anayolipa mama wa soko kila asubuhi, ushuru wa bandari ya Kalundu, karatasi za hapa na pale. Pesa hiyo inaingia kidogo kidogo, na kwa kuwa ni kidogo, haitoshi mradi wowote unaoonekana. Inatosha safari. Ndiyo maana jetoni ya aliyeuza nyanya tangu alfajiri inaishia kwenye hoteli ya mtu ambaye huenda hakulala hotelini.

Na nani amuulize? Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu miji, komuni, sekta na shefferi inataka kuwe na baraza la wachaguliwa, lipitishe bajeti na kumhoji mtendaji. Uchaguzi wa Desemba 2023 ulipofika hadi ngazi ya komuni, ulifanyika kwenye miji mikuu ya majimbo. Uvira si mji mkuu wa jimbo. Mkubwa wenu ameteuliwa kutoka juu, na huko juu ndiko anakokwenda kutoa hesabu, ikiwa anatoa. Labda hiyo nayo ni misheni.

Nisiwe mtu wa kuona upande mmoja. Safari zipo za lazima. Nchi yetu imepangwa hivi kwamba hata jambo dogo linasubiri sahihi ya Kinshasa, na kutoka Uvira huwezi kwenda Kinshasa kwa gari. Lazima utafute ndege, na mara nyingi uvuke kwanza hadi Bujumbura. Hata Bukavu, kilomita 130 hivi, watu walizoea kupita Rwanda, Bugarama hadi Cyangugu, kwa kuogopa miteremko ya Ngomo. Kuna watumishi waaminifu wanaoondoka kwa deni, wanalala kwa jamaa, na pesa yao ya misheni wanaisubiri mpaka wanaacha kuidai.

Hao wa mwisho ndio wanaonikaa rohoni. Mfikirieni muuguzi anayepanda Hauts Plateaux kwa miguu, kuelekea Bijombo, amebeba kisanduku cha chanjo begani, anapita mikononi mwa kundi hili na lile la silaha, kila moja lina kizuizi chake. Yule ndiye aliye misheni. Au wale wanaopita nyumba kwa nyumba kipindupindu kinapoamka, na Uvira kinaamka mara kwa mara, tunakijua tangu miaka ya 1970. Muulizeni mmoja wao alilipwa lini posho ya safari. Orodha ya wanaosafiri na orodha ya wanaolipwa safari zingewekwa ubavu kwa ubavu, nadhani majina machache sana yangefanana.

Majirani zetu nao wana ugonjwa huu wa kula pesa za safari, ila wenzetu wameanza kuutaja kwa tarakimu. Tarehe 20 Novemba 2015, Rais Magufuli wa Tanzania akifungua Bunge kule Dodoma, alisoma mbele ya wabunge kiasi ambacho Serikali na taasisi zake zilitumia kwa safari za nje katika miaka ya fedha 2013/14 na 2014/15: shilingi bilioni 356.3. Tiketi peke yake zilikula zaidi ya bilioni 183, posho zaidi ya bilioni 104. Akasema pesa hiyo ingejenga kilomita 400 za lami. Pigeni hesabu: Uvira hadi Bukavu mara tatu. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu utawala wa Magufuli, nami ninayo. Lakini siku ile Mtanzania wa kijijini alijua kitu ambacho Mkongomani wa Sange hajawahi kuambiwa kuhusu shefferi yake mwenyewe.

Kenya wana kanuni kwamba aliyepewa masurufu ya safari ayatolee hesabu ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi, la sivyo yakatwe kwenye mshahara, na riba juu. Mdhibiti wa Bajeti wao huchapisha ripoti za kaunti zote 47, na humo safari za ndani na za nje zina mstari wake. Wizi haujaisha Kenya, msinielewe vibaya. Madiwani wao wanachekwa na wananchi kwa ziara za kujifunza zisizokwisha. Angalau wanachekwa kwa hesabu iliyochapishwa. Na Uganda, mwanzoni mwa 2024, wanaharakati walimwaga mitandaoni karatasi za Bunge zilizoonyesha mamilioni ya posho za safari yakiingia kwenye akaunti binafsi za wafanyakazi. Ziliwakera wakubwa kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa zilikuwa karatasi.

Huku Marekani, viwango vya posho ya mtumishi wa serikali kuu viko wazi kwenye intaneti, mji kwa mji, na siku ya kuondoka na ya kurudi analipwa robo tatu tu ya chakula. Mwaka 2017 waziri wa afya, Tom Price, alijiuzulu kwa sababu ya ndege za kukodi. Sisi tulikuwa na rais aliyekodi Concorde, na uwanja wa Gbadolite ukajengwa kiasi cha kuipokea. Tumezoea kumlaumu Mobutu, lakini aliyekufa 1997 hawezi kuwa ndiye anayejaza hati za misheni Uvira leo.

Najua mtaniambia huu si wakati wake. Bukavu ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, serikali ya jimbo ikahamia kwenu. Desemba mwaka huohuo M23 wakaingia Uvira yenyewe. Watu wamezika, wamevuka mpaka, wamelala nje Burundi. Nani aulize posho? Mimi naona kinyume. Wakati wa vita kila safari inapata sababu isiyopingika. Mtu akiandika kwenye hati kwamba anakwenda kuhudhuria kikao cha usalama, nani atathubutu kumuuliza kikao kilikuwa na nani na kiliisha lini? Na kama kweli hamna pesa ya kuwapokea waliokimbia, basi kila siku ya uongo kwenye hati ile imetoka kwenye unga wao.

Ombi langu si kubwa. Mkubwa akirudi, shirika la kiraia, makanisa, misikiti na redio za mji wamwombe ripoti ya misheni yake, ukurasa mmoja tu, isomwe hewani: alikwenda wapi, siku ngapi, nani alilipa, alirudi na nini. Asiyekuwa na la kuficha atafurahi kusikika. Mashirika yanayoita semina nayo yabandike mlangoni majina ya waliolipwa na kiasi. Yakisema ni siri, waulizeni siri ya nani.

Upande wetu wa ughaibuni una kazi yake pia. Wakubwa wanapokuja huku, tunawapokea kwa nyimbo. Tunawapa vyumba vya watoto wetu, tunawapikia ugali na ndakala zilizotoka kwenu, tunawachangia mafuta ya gari na zawadi za wake zao, kisha tunapanga mstari kupiga nao picha. Hatujawahi kuwauliza kama Leta imewalipia hoteli. Mtu analala wiki mbili kwenye kochi la mkimbizi bila kutoa senti, na huenda huko Kongo usiku wote huo umekwisha kulipwa.

Kwa hiyo nimewaomba wenzangu wa hapa tuanze jambo dogo, na wazee kadhaa wameshakubali. Kila mgeni wa misheni atakayelala kwetu ataondoka na barua ya shukrani, yenye heshima zote anazostahili, ikitaja tarehe aliyofika, tarehe aliyoondoka, nyumba aliyolala, na kwamba malazi na chakula alipewa bure. Moja ya kwake mwenyewe. Nakala tutaituma kwenu.

Ni mimi, mtoto wenu wa Kasenga,
Dayton, Ohio