Leseni ni rahisi, kuendesha je?

Leo naomba tuweke kando simu mpya na programu zake, tuzungumze kuhusu barabara. Usiondoke, tarakilishi itaingia tu.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, akatimiza miaka 18, akachukua kitambulisho. Kama vijana wengi wa rika lake, kitu kilichofuata akilini mwake kilikuwa leseni ya udereva. Jumapili moja alikuja kwangu tukaketi mbele ya kipakatalishi. Tulimfungulia akaunti ya eCitizen kwa namba ya kitambulisho chake, tukaingia kwenye huduma za NTSA, tukajaza ombi la leseni ya muda ya mwanafunzi, tukalipa kwa M-Pesa. Chai yetu ilikuwa bado moto.

Nilifurahi, siwafichi. Mimi nilipopata leseni mwaka 2016 nilipewa kijitabu kidogo chekundu. Mwaka uliofuata Kenya ikaanza kutoa kadi yenye chipu. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na najua si jambo dogo kuhamisha shughuli nzima kutoka kwenye foleni na makaratasi hadi kwenye simu ya raia. Pongezi kwa waliofanya kazi hiyo.

Wiki chache baadaye nikampigia simu kumuuliza masomo ya udereva yanaendaje.

"Kaka, nimeenda mara tano," akaniambia. "Mwalimu anasema inatosha. Anasema pia nikiwa na kitu kidogo siku ya mtihani sitasumbuliwa. Si unitumie?"

Nilitaka kumkemea, lakini sauti ikaniishia kooni. Mimi mwenyewe nilijifunza vipi? Nilikariri alama za barabarani. Nilikariri ule ubao wa mezani wenye barabara zilizochorwa na vigari vya kuchezea, nikajua kigari kikianzia hapa kielekee pale kinapita njia gani. Siku ya mtihani nikajibu maswali, nikasukuma kigari, kisha nikaendesha gari la kweli kwa dakika chache kwenye barabara iliyonyooka. Nikapita! Sikuwa nimewahi kuendesha usiku hata mara moja, wala kwenye mvua.

Usiku wa kwanza wa mvua nikiwa kwenye usukani, kioo kilijaa ukungu na sikujua nibonyeze wapi. Nilipoona kivuko cha miguu nilikanyaga breki kwa nguvu zote, gari likateleza, likasimama hatua moja tu kutoka kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni. Hakunitukana. Alinitazama tu, akavuka. Leseni yangu ilikuwa mfukoni, halali kabisa.

Katika kazi yetu kuna kosa linalojulikana sana. Unaandika programu, halafu unaandika majaribio ya kuipima, lakini majaribio yenyewe unayatunga kulingana na majibu ambayo tayari unayajua. Kila kitu kinapita. Kisha programu inafika kwa wateja na kuanguka siku ya kwanza. Mtihani wetu wa udereva una hitilafu hiyo hiyo. Unapima kama kijana amekariri mtihani. Na barabarani, anayeanguka si programu. Tangu 2021 Kenya imekuwa ikipoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka katika ajali za barabarani.

Maoni yangu ni haya: tumeweka tarakilishi kwenye fomu na malipo, na sehemu inayookoa maisha tumeiacha mikononi mwa saini ya mtu mmoja. Mfumo unajua nililipa saa ngapi na dakika ngapi. Haujui niliendesha saa ngapi.

Wenzetu wameliona hili zamani. New Zealand ilianza mwaka 1987 kutoa leseni kwa hatua, ili kijana asiruke kutoka uanafunzi hadi uhuru kamili kwa siku moja. Katika jimbo la Victoria kule Australia, mwanafunzi wa chini ya miaka 21 hukamilisha saa 120 za kuendesha akiwa na msimamizi, 20 kati yake zikiwa za usiku, na kila safari inaandikwa.

Najua utaniambia saa 120 ni za nchi ambayo baba ana gari na anaweza kukaa kando ya mwanawe. Kweli kabisa. Hapa kwetu kila saa ni pesa. Basi tuanze na saa 20, mbili kati yake za usiku. Mwanzo wa somo na mwisho wake, mwalimu na mwanafunzi kila mmoja athibitishe kwa namba yake ya siri kwenye simu, hata kabambe, kama tunavyotuma pesa kila siku. Saa zisipotimia, mfumo usikubali kupanga tarehe ya mtihani.

Je, hawawezi kushirikiana kudanganya? Wanaweza. Lakini saini ya uongo leo haiachi alama yoyote. Mwalimu aliyethibitisha masomo matatu kwa wakati mmoja kwenye gari moja ataonekana, na ajali ikitokea rekodi itafunguliwa. Programu haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Inafanya uongo uwe na anwani.

Kuhusu mdogo wangu, kitu kidogo sikumtumia. Alininunia siku mbili. Nikamtafutia mwalimu mwingine na kumlipia masomo zaidi, kwa sharti moja: kila somo aliandike kwenye jedwali tunaloliona sote wawili, tarehe, saa, barabara, hali ya hewa. Mpaka jana alikuwa na saa 14. Mbele ya somo la Alhamisi ameandika: "Mvua kubwa. Gari lilizima mlimani mara mbili. Niliogopa."

Nilisoma mstari huo nikatabasamu. Afadhali aogope sasa, mwalimu akiwa kando yake, kuliko kuogopa kama nilivyoogopa mimi mbele ya yule mama.

Wewe ulijifunza kwa saa ngapi? Sema kweli. Hadi wakati mwingine, kwaherini.